Tuzo ya Kukosea

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mkono wako bado mwepesi na wateja wanatoka dukani na masikio yote mawili. Mimi ni mzima, ila mafua ya huku hayana adabu, yamenikamata tangu mitihani na hayataki kuniachia. Mwenzangu wa chumba amepata mchumba na sasa anapika kila siku, anajifunza. Anayefaidi ni mimi.

Sasa sikiliza. Nina jambo na sijui nilie au nicheke. Kila mwaka idara yetu humchagua mwanafunzi mmoja aliyefanya vizuri kuliko wengine katika sayansi ya mazingira na viumbe hai. Mwaka huu wamenichagua mimi. Nilipoisoma barua yao nilidhani wamekosea chumba. Nikaenda nayo kwa karani wa idara, nikamwambia, "Dada, hii si yangu." Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Ni yako. Na ufunge mlango, upepo unanipeperushia karatasi."

Mjomba, kazi yangu ya miaka miwili imeharibika yote! Unawakumbuka wale wadudu wangu wa bwawani. Niliandika kwamba weusi wanawafukuza wale wa kahawia, nikasimama mbele ya watu nikalieleza hilo, picha na kila kitu. Kumbe si kweli. Mwezi wa kumi na moja nilienda mwenyewe kulibandua bango langu ukutani, mchana kweupe, watu wanapita, nikabandika lingine lenye herufi kubwa: NILIKOSEA. Nikajua basi, huo ndio mwisho wangu. Halafu wananipa tuzo. Kwa lipi? Sielewi kichwa wala miguu.

Kuna na jingine. Hapa idarani wana utaratibu wao wa ajabu. Siku ya tuzo mwanafunzi hafungui mdomo, anakaa tu. Jamaa yake mmoja ndiye anayesimama mbele na kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, mtoto wao amefanya kazi gani. Mkuu wa idara anasema kama nyumbani hawajaelewa, basi kazi haijaisha. Waliniuliza nani atakuja kwa niaba yangu. Nimekutaja wewe. Sherehe ni tarehe 7 Juni.

Nijibu haraka, kichwa kinaniwanga.

Chiriku wako


27 Februari

Chiriku,

Marahaba mwanangu, marahaba mara mia. Hapa sote tupo na hakuna anayeumwa. Mashine ya pili imekufa, nanyolea ile ya zamani inayonguruma mpaka mteja anafumba macho. Muuza viatu wa mlango wa pili amehamia ng'ambo ya barabara. Anasema hakuhama kwa ajili ya kelele zangu, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Hongera! Nimefurahi mpaka nimemnyoa mtu bure, nikajuta baadaye maana alikuwa yule mwenye kichwa kikubwa.

Ila nieleweshe. Barua yako nilimpa yule mteja wetu tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, akaisoma kwa sauti dukani. Basi ikawa vurugu. Nusu ya duka iko upande wa weusi, nusu inawaonea huruma wa kahawia. Redio anasema serikali iingilie kati. Yule fundi baiskeli akauliza, kama amekosea, tuzo ya nini? Mbona yeye amekosea maisha yake yote na hajaitwa mahali? Na mimi ndiye unayetaka niende kuwaeleza wasomi! Nisichokielewa nitakieleza vipi?

Kuhusu tarehe 7 Juni, pana shida kidogo. Paa la duka linavuja. Halafu kiti kikubwa kimelegea mguu, siwezi kukiacha hivyo. Na suruali yangu ya kutokea imenibana. Huko kutakuwa na watu wengi, wenye majina, wenye tai. Taja mtu mwingine. Nadhani jina linaweza kubadilishwa, halijapigwa muhuri.

Meza dawa ya mafua.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mafua yameisha, asante. Mwenzangu ameachana na mchumba na hapiki tena, tumerudia chai na mkate.

Mwambie Redio asome polepole, na fundi baiskeli asimkatize. Kila wiki tunachota maji ya bwawa kwa wavu. Wadudu tunaowapata tunawatia papo hapo ndani ya chupa ya spiriti wasioze, halafu tunawahesabu wakiwa wamekufa. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alifundishwa hivyohivyo. Wa kahawia ni wadogo, hawana mabawa. Weusi ni wakubwa, wana mabawa. Mvua zikiisha, wa kahawia wanapungua, weusi wanaongezeka. Nikasema, aha, hawa wanawafukuza wale! Mkuu wa idara akalipenda, akalitia kwenye masomo yake.

Wiki moja spiriti ikatuishia. Nikawaweka wadudu wakiwa hai ndani ya beseni langu la kufulia, chini ya kitanda. Asubuhi namkuta mmoja wa kahawia amepasuka mgongo, na ndani yake anatoka mwingine, mweupe pe, ana mabawa yaliyokunjamana. Kufika mchana alikuwa mweusi tii. Nilikaa sakafuni nikapigwa na butwaa. Mjomba, walikuwa watoto! Wa kahawia ndio hao hao weusi kabla hawajakua. Hakuna aliyemfukuza mtu. Miaka miwili nimehesabu watoto na wakubwa wao nikisema ni maadui, na sikuwaona wakikua kwa sababu nilikuwa nawaua kwanza.

Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Sasa paa. Paa la duka linavuja tangu nikiwa darasa la pili. Mjomba, tusipigane chenga. Ni kigugumizi. Nimelisema. Kwetu hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo, tunasema "Mjomba hapendi makelele," tunasema "Mjomba si mtu wa maneno." Wewe ni mtu wa maneno kweli kweli, barua zako nazisoma nikivunjika mbavu peke yangu. Ila ukiwa mbele ya watu yanakukwama, hata jina lako mwenyewe. Nalijua hilo vizuri na bado nimekutaja wewe. Mama alipofariki ni wewe uliyenichukua, tukalala wawili katika chumba kile nyuma ya duka, ukanisuka nywele kwa vidole vilivyozoea kunyoa. Sina mwingine ninayetaka asimame pale.

Usinikasirikie.

Chiriku


22 Aprili

Chiriku,

Salamu. Hapa salama. Samahani nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Hazikuwa nyingi.

Barua yako safari hii sikumpa Redio. Nimeisoma mwenyewe, nikaikunja, nikaisoma tena. Hilo uliloliita kwa jina lake limenifikia. Umekua, unasema unachotaka.

Kuhusu Juni, usihangaike. Nimekutafutia mtu. Anajua kusema, anajua kusimama, ana koti zuri. Atafika kwako mapema mjiandae pamoja. Usiniulize ni nani, utamwona.

Niambie kitu kimoja tu. Wale wa kahawia wakishakuwa weusi, hawarudi tena kuwa wa kahawia? Redio anasisitiza wanarudi. Nimemwambia hawarudi, lakini sina uhakika.

Mjomba


11 Mei

Mjomba,

Sijui nianze na salamu au na ugomvi. Basi shikamoo. Hawarudi. Mwambie Redio hawarudi.

Umefanya nini? Jumamosi natoka maabara, mikono inanuka bwawa, namkuta mtu amekaa kwenye ngazi za bweni, koti la kijivu, anachezesha funguo, walinzi wote wanacheka naye kama wamezaliwa pamoja. Ni baba. Baba yangu! Mshereheshaji mkuu wa harusi za watu, ambaye sijamtia machoni tangu naingia sekondari. Akanikumbatia, akasema nimerefuka. Na mfukoni mwake, Mjomba, zilikuwamo barua zangu. Barua nilizokuandikia wewe.

Nilifurahi kumwona. Naona aibu kukuambia lakini nilifurahi, nikamchemshia chai, nikamkatia mkate mkubwa kuliko wangu. Halafu nikakasirika kwamba nimefurahi. Sijui ninachotaka.

Kisha akasema tufanye mazoezi. Akasimama katikati ya korido, akaliweka koti sawa, na ile sauti yake ikatoka. Milango ikafunguliwa pande zote. "Mabibi na mabwana! Binti yangu ameingia bwawani, na ametoka na wadudu wa aina mbili ambao dunia haijapata kuwaona!" Wasichana wakapiga vigelegele. Nikamwambia, baba, ni aina moja, na wanajulikana zamani. Akasema sawa, sawa, nimekupata. Akaanza upya: aina mbili. Nikamwambia tena. Akacheka, akanishika bega, "Mwanangu, mimi hii ndiyo kazi yangu. Hakuna anayempigia makofi mtu aliyeona kitu kimoja. Na hilo la kukosea tuliache, nani anavaa tai kwenda kusikiliza makosa?"

Hana nia mbaya. Hilo ndilo linaloniumiza. Ananipamba kama anavyowapamba maharusi asiowajua.

Mjomba, katika miaka yote hii kuna kitu kimoja nilichokifanya sawasawa, nacho ni kusema nimekosea. Baba akisimama atanisifia lile kosa lenyewe mbele ya idara nzima, na mimi siruhusiwi kufungua mdomo. Nitakaa pale nimevaa vizuri nikisikiliza uongo unaonihusu. Nikimkataa, ndio nimempata juzi tu. Nikimkubali, nimejifuta mwenyewe. Nifanyeje? Sema kitu.

Chiriku


25 Mei

Chiriku, mwanangu,

Marahaba. Hali yangu si nzuri na wala siumwi. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nimemkasirikia Redio, maskini ya Mungu, ambaye hajafanya lolote isipokuwa kuzungumza.

Ndiyo, mimi ndiye niliyemwita baba yako. Nilijiambia atapata msemaji, na papo hapo atapata baba, nikajiona mjanja. Nikampa barua zako. Alizisomea hapa, kwenye kiti changu kikubwa, na alilia, nakuapia, machozi ya kweli, mpaka nikampa taulo. Nikasema huyu ameelewa. Kumbe mtu anaweza kulia hivyo na asielewe kitu! Dada yangu, mama yako, alikuwa akiniambia hilo kuhusu yeye, nami nikidhani ni maneno ya wivu.

Nisamehe kwa barua. Zilikuwa zangu, lakini zilikuwa zako pia. Sikufikiri.

Umesema niseme kitu. Haya. Asubuhi hizi nimekuwa nikifika dukani kabla ya wateja, nafunga mlango, nasimama mbele ya kioo na kitana mkononi kama kipaza sauti. "Wadudu" linatoka. "Watoto" linatoka nikilivizia. "Bwawa" limekataa katakata. Juzi nilisimama na hilo neno mdomoni, limekaa, haliendi mbele wala nyuma, mpaka fundi baiskeli akagonga akiuliza kama tumefunga kwa msiba.

Nikiufikiria ukumbi, nakiweka kitana chini. Nikimkumbuka yule bwana na aina zake mbili, damu inanichemka. Saa hii nasema naenda, nikimaliza kichwa kimoja nasema siendi. Sijielewi, Chiriku. Nimezeeka na bado sijielewi. Usinisubiri langoni, sitaki ukasimame pale bure. Wala baba yako usimfukuze. Mwekee kiti.

Mjomba wako


9 Juni

Mjomba,

Shikamoo popote ulipo, naamini basi limekufikisha. Umeondoka bila kula, bila picha, bila kuaga! Nimekutafuta ukumbini, bustanini, nikamtuma baba akakuangalie chooni. Karani wa idara akasema, "Yule mzee wa shati jeupe? Amepita hapa mbio kama anadaiwa."

Sina wa kumsimulia, kwa hiyo nakusimulia wewe, ingawa ulikuwapo.

Waliponiita nikaketi mbele. Baba alikuwa ameshaanza kunyanyuka, anafunga kifungo cha koti. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka ukaingia wewe, umefunga shati mpaka kooni, umenyoa ndevu vibaya upande mmoja. Wewe, kinyozi! Ukaja moja kwa moja katikati ya viti. Baba akakuona. Akakuangalia, akaniangalia, akakaa, akavuta magoti upite.

Ukashika kipaza sauti, kukawa kimya. Naujua uso wako neno likikwama, naujua kuliko wangu. Tangu mdogo nimekuwa nikikumalizia: dukani, shuleni kwangu, kwa daktari. Ulikuwa ukianza, namaliza, tunaondoka. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi wangu, Mjomba, lote, na sikuruhusiwa. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nilitamani nife au nipige kelele.

Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Kwa huruma, ili ukae. Wengine wakafuata. Niliwachukia wote. Ukainua mkono, ule unaomtulizia mteja anayejitingisha wembe ukiwa shingoni, na ukumbi mzima ukatulia kama umefungwa shuka kifuani. Ukaendelea. Muda uliochukua siujui na sitaki kuujua. Ulisema hivi:

"Alidhani ni wawili, wanapigana. Ni mmoja, anakua. Sisi sote hatukujua. Yeye alipojua, alisema."

Ukakirudisha kipaza sauti mahali pake. Mkuu wa idara akavua miwani akasimama. Yeye naye alikuwa amelifundisha lile kosa, darasani, kwa mwaka mzima, na alikuwa anakuangalia wewe. Ndipo nikaelewa wamenipa tuzo ya nini. Karani aliniambia ni yangu, sikuamini. Mkuu wa idara aliniambia, sikuamini. Nimeamini uliposema wewe. Nililia mpaka cheti kikalowa pembeni.

Tulipotoka nje baba akaniuliza polepole, "Kwa hiyo kweli ni mmoja?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nimpeleke bwawani akawaone. Tumeenda jana, ameharibu viatu.

Lakini wewe ulikimbia nini? Hilo sijalielewa. Ungebaki tu ukae karibu yangu.

Nakupenda sana.

Chiriku


30 Juni

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Hapa wote wazima, paa limezibwa, kweli safari hii.

Nilikimbia kwa sababu watu walianza kusogea kunipa mkono, na kila mmoja angeniuliza jina. Maneno niliyokuja nayo yalikuwa yameisha yote. Nililia ndani ya basi. Mama mmoja akanipa kitambaa chake, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikaona kumweleza ni safari ndefu kuliko ya basi, nikakubali nimefiwa. Ameniombea dua njia nzima.

Barua yako ilipofika, Redio akanyoosha mkono aisome kama kawaida. Nikamwambia leo nasimulia mwenyewe. Kwenye kiti alikuwepo mtu, povu shavuni, upande mmoja nimeshamaliza. Nikaanza. Nilikwama, nikatoka, nikakwama tena. Redio alifungua mdomo anisaidie, fundi baiskeli akamkanyaga mguu. Povu likamkaukia yule bwana mpaka likapasukapasuka, na hakusogea. Nilipomaliza akasema, "Kumbe ni watoto! Sasa mbona hamkusema mapema, sisi tunagombana hapa tangu Februari?" Nikampaka povu jipya.

Nimefurahi baba yako ameharibu viatu.

Sasa sikiliza. Jumapili jioni nitakupigia simu. Sijawahi kukupigia tangu uondoke hapa, na wewe hujawahi kuniuliza kwa nini, nakushukuru kwa hilo. Ukipokea ukasikia kimya, usikate, na usinimalizie. Ni mimi, ndiyo kwanza naanza.

Mjomba wako